Mkanda Namba Kumi na Saba

Kila tarehe moja, jua halijawa kali,
napanda kijia cha nyuma ya Rupa, daftari kwapani,
kwenda kuipima viuno miti arobaini.
Kila mmoja umevikwa mkanda wa bati wenye springi ndogo:
mti ukinenepa, springi inavutika,
ukikonda, inalegea,
nami naandika.

Mwanzoni sikuamini kuwa mti hukonda.
Nilidhani kukonda ni kwetu sisi, na ng'ombe.
Lakini Januari, upepo wa mashariki ukivuma wiki ya tatu,
udongo umepasuka kama kisigino,
mlama hujifunga kibwebwe kwa ndani,
milimita moja, milimita mbili,
hunywa maji ya shina lake wenyewe
kama mtu anayemeza mate akingoja kukaribishwa.

Na kila mti na tabia yake.
Mbambara ni mwoga: ukame ukibisha tu
humwaga majani yote, husimama uchi,
tumbo la maji limefichwa chini ya ganda la karatasi.
Mjunju ni mbishi, kijani mwaka mzima;
mizizi yake imeshuka kusikofika kamba zetu.
Mkwaju hukaa kando ya mto wa mchanga
kama mgeni aliyezoea jikoni.
Mgunga, ah, mgunga huthubutu.
Machi, mbingu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa,
hutoa majani.
Hakuna wingu. Hakuna radi. Majani.
Nani aliyeupa habari?

Kipimo cha mvua kimesimama uwanjani kwa zahanati.
Naligoi, jirani yangu, hukichungulia akipita:
"Leo kimekunywa?"
"Hakijakunywa."
Mwaka jana tuliingoja Aprili, ikaja Juni,
ikaja na hasira zake, milimita sitini usiku mmoja,
ikapita juu ya udongo mgumu kama salamu kwa kiziwi,
ikaenda na mbegu za mtama, ikaenda na mbuzi watatu.
Asubuhi nikaandika sitini,
na ukurasa ukasomeka kama mwaka wa neema.
Daftari halijui maji yaliyokaa na maji yaliyopita.
Mikanda inajua.
Mikanda haikusogea.

Agosti Naligoi akanijia usiku,
mikono myeusi hadi viwikoni,
Lokiru mgongoni, Lokiru aliyezaliwa mvua ikinyesha,
jina lake ndiyo akiba yake.
Akanipa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa.
"Ni chako. Sikutaka kukiiba."
Mkanda. Namba kumi na saba. Springi nzima.
"Na mti?"
"Mti tumeula."

Magunia manne ya makaa kando ya barabara ya Soroti;
lori likayabeba.
Posho kilo kumi na mbili, sabuni, dawa ya mtoto.
Nilihesabu naye hadi mwisho.
Sikuwa na hesabu iliyo bora.

Tarehe moja nikaandika: *17, haupo.*

Oktoba ikanyesha siku tisa, kidogo kidogo, mvua ya adabu,
ile inayopiga hodi kabla ya kuingia.
Nikapanda kijia. Kwenye kisiki cha mlama
machipukizi sita, mekundu kama masikio ya sungura mchanga.
Mizizi kule chini
haikuambiwa kwamba mti umeuzwa.

Daftari halina safu ya machipukizi.
Nikamwita Naligoi. Akaja na mzigo wa miiba,
akayazungushia ua mdogo kuzuia mbuzi,
mbuzi wake mwenyewe, waliobaki,
na hakusema neno.

Mkanda ninao, unaning'inia msumarini.
Jana Lokiru aliuvaa kiunoni, akacheka,
akazunguka nao chumbani.
Springi ilikuwa imelegea.
Nusura niandike.